MAISHA YA HIROFUMI DAIMATSU, MWALIMU WA MPIRA WA WAVU

Na Nahodha wa Timu ya Wasichana, Kidato cha Nne

Katika gazeti letu la shule tumekwisha kusoma habari za watu mashuhuri wa namna nyingi, kama vile viongozi wa nchi, wasafiri na wavumbuzi. Muhula huu nimeona yafaa nieleze maisha ya mtu ambaye sifa yake yote ilitokana na kuwafundisha wasichana mpira wa wavu. Huenda wazazi wengine watasema kuwa mchezo ni jambo la kupitisha wakati tu, wala hauna mafundisho ya kuandikwa. Nawaomba wasome mpaka mwisho, ndipo wakate shauri.

Hirofumi Daimatsu alizaliwa tarehe 12 Februari 1921 katika mji mdogo wa Utazu, mkoa wa Kagawa, nchi ya Japani. Mji huo uko kando ya bahari, kama vile vijiji vyetu vya Mbugani vilivyo kando ya Ziwa Nyasa. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Kwansei Gakuin, na huko ndiko alikocheza mpira wa wavu. Mchezo wenyewe ulikuwa bado mpya duniani, kwa sababu ulibuniwa katika mwaka wa 1895 na Bwana William Morgan wa Marekani. Daimatsu alipomaliza masomo yake katika mwaka wa 1941 aliajiriwa na kampuni kubwa ya kusokota nyuzi na kufuma nguo, iitwayo Nichibo.

Lakini hakukaa sana kazini. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaka, naye akaitwa jeshini. Alipelekwa China, na baadaye Bama, akiwa mkubwa wa kikosi kidogo cha askari. Hapo ndipo habari zake zinapogusa nchi zetu. Katika mwaka wa 1944 jeshi la Japani lilijaribu kuuteka mji wa Imphal uliopo mpakani mwa India, likashindwa vibaya. Maelfu ya askari wake walikufa njiani wakati wa kurudi nyuma, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, malaria na kuhara, katika matope ya masika. Waliowafuatia nyuma katika bonde la Kabaw walikuwa askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yaani askari wa Keya waliotoka Tanganyika, Nyasaland, Kenya na Uganda. Wazee wetu waliokwenda Bama ndio hao. Waliposimulia habari za mvua ile na matope yale, walikuwa wakisimulia mvua ileile na matope yaleyale yaliyompata Daimatsu, ila yeye alikuwa upande wa pili.

Daimatsu alinusurika na kifo. Baada ya vita kwisha alikaa mateka mikononi mwa Waingereza huko Rangoon, kisha akarudishwa kwao. Katika safari ile ya mauti alijifunza mambo mawili ambayo hakuyasahau maisha yake yote. La kwanza ni kwamba mwili wa mtu waweza kuendelea mbali sana baada ya mtu kudhani kuwa nguvu zimekwisha. La pili ni kwamba askari humfuata mkubwa wao ikiwa naye anabeba mzigo uleule wanaoubeba wao. Katika maisha yake ya baadaye mtu aweza kuyaona mambo haya mawili kila mahali, na mimi naamini kuwa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Aliporudi Japani alishika tena kazi yake katika kampuni ya Nichibo. Siku hizo viwanda vya nguo viliajiri wasichana wengi, na kampuni ilipenda wawe na michezo baada ya kazi. Katika mwaka wa 1954 kampuni ilianzisha timu moja ya mpira wa wavu katika kiwanda chake cha Kaizuka, karibu na mji wa Osaka, na Daimatsu akawekwa kuwa mwalimu wake. Wasichana aliopewa walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Kila siku walikaa kazini tangu asubuhi mpaka alasiri, kisha ndipo walipoingia uwanjani. Walifanya mazoezi mpaka saa sita ya usiku, na mara nyingine kupita hapo, wakipumzika kidogo tu ili wale chakula. Asubuhi walirudi kazini kama wenzao. Hali hiyo iliendelea karibu kila siku ya mwaka.

Yafaa kusema wazi kuwa Daimatsu mwenyewe naye alikuwa na kazi yake kiwandani mchana kutwa. Hakuwa mtu wa kukaa kitini kivulini na kutoa amri. Usiku alisimama karibu na wavu na kuwapigia wasichana mpira kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, mamia ya mara, mpaka mkono wake mwenyewe uchoke. Mchezaji aliyeangushwa na mpira ilimpasa kuinuka na kuupokea mwingine. Wengi walilia. Alikuwa mkali wa maneno, wala hakuwa mwepesi wa kusifu.

Haikupita miaka mingi timu ya Kaizuka ikawa ya kwanza katika Japani yote. Lakini Wajapani wakati huo walizoea kucheza watu tisa kila upande, hali mataifa mengine yalicheza watu sita kama tuchezavyo sisi. Ikawapasa kujifunza mchezo upya. Katika mwaka wa 1960 wasichana wa Japani walikwenda Brazili kushindania ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Walipata nafasi ya pili, nyuma ya Warusi, ambao walikuwa wamechukua ubingwa wa wanawake kila mara tangu mwaka wa 1952.

Mtu mwingine angeridhika na nafasi ya pili. Daimatsu alikaa akafikiri. Aliona kuwa Warusi ni warefu na wenye nguvu kuliko wasichana wake, na kwamba urefu hauongezwi kwa mazoezi. Basi alijiuliza jinsi ya kuuzuia mpira usiguse chini, hata ukipigwa kwa nguvu kiasi gani. Jibu alilipata katika kitu cha kuchezea watoto. Kwao Japani yuko mwanasesere mwenye uzito chini, ambaye ukimwangusha huinuka mwenyewe. Daimatsu akawafundisha wachezaji wake kujirusha kuufuata mpira, kuupokea karibu na sakafu, kubingirika begani na kusimama tena katika mwendo uleule. Mchezaji alikuwa tayari kwa mpira wa pili kabla adui hajaupiga. Mwanzoni miili yao ilijaa michubuko na mivimbe, lakini baada ya muda kubingirika kukawa rahisi kwao kama kutembea. Tena aliwafundisha namna ya kuanzisha mpira bila kuuzungusha, ili uyumbeyumbe hewani na kuanguka ghafula kama jani la mti.

Matunda yalionekana upesi. Katika mwaka wa 1961 walizunguka Ulaya na kushinda kila mchezo. Watu wa huko walistaajabu, na magazeti yakawaita Wachawi wa Mashariki. Kwetu sisi neno hilo si la mzaha, lakini wao walikuwa na maana ya sifa, kwamba hawakuelewa mpira ule ulizuiwaje. Mwezi wa Oktoba 1962 walikwenda Moscow, mbele ya Warusi wenyewe, wakawashinda kwa seti 3 kwa 1 na kuchukua ubingwa wa dunia.

Baada ya ushindi huo Daimatsu na wachezaji wake walitaka kupumzika. Nahodha wao, Bibi Masae Kasai, alikuwa karibu kufika miaka 30, na katika Japani ya siku zile msichana wa umri huo alihesabiwa kuwa amechelewa sana kuolewa. Lakini mpira wa wavu ulikuwa umekubaliwa kuingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka wa 1964, nao ulikuwa mchezo wa kwanza wa timu kwa wanawake katika historia ya Olimpiki. Barua zikamiminika kutoka kila upande wa nchi, watu wakiwasihi waendelee. Wachezaji walifikiri, wakazungumza, kisha wakakubali kuendelea kwa hiari yao. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa nitalirudia.

Michezo ya Tokyo ilifunguliwa tarehe 10 Oktoba 1964. Ilikuwa michezo mikubwa pia kwa Afrika. Nchi yetu ilipeleka wachezaji katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Bwana Wilson Kiprugut wa Kenya alipata nishani ya shaba katika mbio za mita 800, ambayo ilikuwa ya kwanza kwa Kenya. Na Bwana Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni kwa mara ya pili. Kwa upande wa wanawake katika mpira wa wavu zilikuja timu sita, na Wajapani walipoteza seti moja tu, mbele ya Wapolandi, kabla ya kukutana na Warusi.

Mchezo huo ulichezwa jioni ya tarehe 23 Oktoba. Siku hizo hesabu haikuwa kama yetu. Timu ilipata pointi pale tu ilipoanzisha mpira yenyewe, na seti ilikwisha kwa pointi 15. Wajapani walishinda seti ya kwanza 15 kwa 11, na ya pili 15 kwa 8. Katika seti ya tatu walifika 14, ikabaki pointi moja tu. Hapo Warusi wakakaza. Walifika 10, 11, 12, 13, na kila mara Wajapani walipodhani kuwa mchezo umekwisha, haukwisha. Mwishowe mchezaji wa Urusi alivusha mkono juu ya wavu, mwamuzi akapiga filimbi, na Japani ikawa imepata nishani ya dhahabu. Katika eneo la Tokyo nyumba 66.8 katika kila mia zilizopimwa zilikuwa zikitazama mchezo huo katika televisheni. Nchi ambayo miaka 19 kabla yake miji yake ilikuwa majivu ilikaa mbele ya televisheni kuwatazama wasichana wa kiwandani.

Baada ya hapo Daimatsu aliacha kazi ya ualimu wa timu. Mwendo wa ushindi wa Kaizuka uliendelea mpaka mwaka wa 1966, ulipofika michezo 258 mfululizo bila kushindwa hata mara moja. Bibi Kasai alipata mume katika mwaka wa 1965, na aliyesaidia kumtafuta mchumba alikuwa Waziri Mkuu wa Japani, Bwana Eisaku Sato. Mchezo nao ulienea miongoni mwa akina mama wa Japani, wakacheza katika mitaa yao baada ya kazi za nyumbani.

Katika mwaka wa 1965 Daimatsu alifanya jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Aliitwa na Bwana Zhou Enlai, Waziri Mkuu wa China, aende kuwafundisha wasichana wa huko. Wakati ule Japani na China hazikuwa na ubalozi baina yao, na Daimatsu mwenyewe alikuwa amekwenda China mara ya kwanza akiwa na bunduki. Safari hii alikwenda na mipira. Aliwafundisha kwa muda wa mwezi mmoja, kwa ukali uleule na kwa mkono uleule, bila kuwaficha alichokijua. Kisha alirudi kwao, na katika mwaka wa 1968 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Juu la Bunge la Japani, akakaa humo mpaka mwaka wa 1974. Alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo tarehe 24 Novemba 1978, akiwa na umri wa miaka 57.

Miaka mitatu baada ya kifo chake, katika Novemba 1981, wasichana wa China walikuja Osaka, karibu na Kaizuka, wakaishinda Japani kwa seti 3 kwa 2 na kuchukua Kombe la Dunia. Baada ya hapo walichukua ubingwa wa dunia wa mwaka 1982 na dhahabu ya Olimpiki ya mwaka 1984. Mbegu aliyoipanda kwa jirani ilizaa, ikawashinda watu wa nyumbani kwake.

Sasa nieleze upande wa pili, maana si vyema kumsifu marehemu kwa nusu ya kweli. Hata wakati wa uhai wake walikuwapo watu waliosema kuwa mazoezi yake yalikuwa ya kikatili. Wachezaji waliendelea kucheza wakiwa na maumivu, na usingizi wao ulikuwa mchache mno. Sayansi ya michezo ya leo yafundisha kuwa mwili usiopumzika huumia, na kwamba mtu aliyechoka kupita kiasi hajifunzi upesi. Tena walitokea walimu wengi wa Japani walioiga ukali wa Daimatsu, wengine wakaongeza na vipigo, wakidhani kuwa hiyo ndiyo siri ya ushindi. Jambo hilo liliharibu maisha ya vijana wengi, hata katika mwaka wa 2013 vyama vikubwa vya michezo vya Japani vilitoa tamko la kukomesha kabisa ukali wa namna hiyo.

Wachezaji wa Kaizuka wenyewe walisema baadaye kuwa hawakuwa watumwa wa mtu. Waliendelea kwa sababu walitaka wenyewe. Kwa hiyo ni lazima tupambanue, yupi alikuwa Daimatsu, na wepi walikuwa waigaji.

Naandika hivi kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa waigaji. Mwaka jana nilichaguliwa kuwa nahodha wa timu yetu. Wakati huohuo nilikuwa nimesoma habari za mtu huyu, na kichwa changu kilijaa mambo ya saa sita za usiku na wachezaji wanaolia. Wasomaji wanaujua uwanja wetu. Wakati wa masika maji ya Mbugani huufunika, na yakikauka udongo huwa mgumu kama tofali. Katika uwanja huo niliwaagiza wadogo zangu wa Kidato cha Pili wajirushe na kubingirika kama wasichana wa Japani, nami nilisimama pembeni na kuhesabu. Mmoja wao aliumia kifundo cha mguu. Alipotaka kutoka nilimwambia mbele ya wenzake kuwa ni mvivu. Alimaliza zoezi, akaenda bwenini akichechemea, wala hakurudi tena mazoezini. Mchezo wetu uliofuata tulishindwa seti zote, na hakuna aliyecheza kwa furaha.

Wakati wa likizo, nikiwa nyumbani, nilikuwa nikimsaidia mama kuanika kakao. Niliona jinsi yeye anavyoinama juani pamoja nasi watoto, na jinsi sisi tusivyothubutu kuondoka hali yeye bado ameinama. Hapo nilikumbuka maisha ya Daimatsu, nikaona nilivyoyasoma vibaya. Nilichukua ukali wake, nikauacha mkono wake uliopiga mpira. Nilichukua machozi ya wachezaji wake, nikaiacha ile siku waliyoachiwa waamue wenyewe kama wataendelea ama wataacha.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa yule mdogo wangu nikamwomba radhi, mbele ya wenzake kama nilivyomwaibisha mbele ya wenzake. Alinisamehe. Lakini hakurudi katika timu, na mimi sina haki ya kumlazimisha. Jioni huja kukaa chini ya mwembe na kutazama tukicheza. Sasa tunafanya zoezi la kubingirika juu ya mchanga mlaini tulioubeba wenyewe kwa ndoo, mimi wa kwanza kujirusha, na anayeumia hukaa nje mpaka apone. Mwaka huu tumeshinda michezo kadhaa, tumeshindwa mingine, na hakuna aliyetoroka mazoezi.

Mwisho wa mwaka huu tutafanya mtihani wetu na kuondoka, na nahodha mwingine atachaguliwa. Kwake yeye, na kwa kila mwanafunzi atakayepewa kuwa mkubwa wa wenzake, iwe ni kiranja wa bweni au nahodha wa mchezo, nayaacha maisha ya Hirofumi Daimatsu ayasome. Ayasome yote, sifa na makosa. Akitaka wenzake wafike mbali aende nao njia nzima, na akitaka wavumilie awaulize kwanza kama wanaitaka safari yenyewe.